Nywila ya Marehemu

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta. Kampuni moja ilimwita aizibie mianya ya wezi wa mtandaoni, akakuta ofisi nzima inatumia akaunti ya mhasibu aliyekufa mwaka jana. Eti kubadilisha nywila ni usumbufu!

"Marehemu atatuibia nini?" bosi akacheka.

Tai shingoni, kichwani hamna kitu, fundi akawaza. Akaifunga akaunti, kisha akakata umeme ili mashine zote zizimike. Ofisi ile isiyo na dirisha ikawa giza totoro.

"Na alivyokuwa akichapa kwa kidole kimoja, kobe yule!" bosi akaendelea kubeza.

Ndipo kwenye meza ya marehemu kibodi ikalia: ko. Kimya kirefu. Ko.

Bosi akapapasa ukuta kutafuta mlango.

Ko.

Skrini isiyo na umeme ikawaka: "Nywila mpya imekubaliwa."