Maelekezo Alipewa Mke Yupi?

“Mkate wako ndio umening’oa jino! Mkate mgumu kama tofali!”

Mwalimu wa udereva alisimama katikati ya kibanda cha ushonaji, shavu kalishika. Kiganjani alikuwa na kofia ya muda ya jino, aliyovalishwa kliniki wiki iliyopita akisubiri ya kudumu.

Mkewe, Fundi, alisimamisha cherehani.

“Mkate ulikula asubuhi. Sasa hivi ni saa tisa.”

“Unabishana na mgonjwa? Nipe gundi nibandike.”

“Gundi ya viatu mdomoni? Una wazimu?”

Pamoja na kutukanwa, alimwonea huruma. Akachukua simu ya mumewe, akapigia kliniki, akaweka sauti ya juu.

“Asibandike kitu,” muuguzi alisema. “Aitunze hiyo kofia, aje nayo leo leo. Akichelewa meno ya jirani yatasogea. Lakini mama, si nilikueleza vizuri? Atafunie upande wa pili, asiguse vitu vya kunata, na uzi wa kusafishia meno autolee pembeni, asiuvute juu.”

“Ulimweleza nani?”

“Si wewe mkewe? Ulikuja naye, umevaa gauni la njano la mikono ya puto. Hata nikakusifia.”

Fundi alikata simu. Gauni lile alilishona kwa mkono wake. Mteja aliyeshonewa alikuwa mwalimu wa chekechea, na aliyemleta kupimwa alikuwa mumewe huyu huyu, eti mwanafunzi wake wa udereva.

“Mke wangu, muuguzi kachanganya watu…”

“Nyamaza!”

Akachukua simu yake mwenyewe, akampigia mwenye gauni, tena kwa sauti ya juu.

“Haloo wifi!” sauti ilichangamka. “Kaka yako jino linaendeleaje? Jana nilimkataza zile tofi, mbishi huyo!”

Miezi mitatu alikuwa akiitwa wifi, akidhani ni uchangamfu tu.

“Kaka yangu? Huyu ni mume wangu. Mwaka wa tisa huu.”

Sauti ikarudi, imebadilika kabisa.

“Aliniambia wewe ni dada yake. Alisema atakuja kwetu kuleta posa mwezi ujao. Yupo hapo?”

“Yupo, anakusikia.”

“We mwanamume! Usikanyage kwangu tena! Nimewaambia wazazi wangu, unasikia? Wazazi wangu!” Sauti ikapasuka kwa kilio. “Dada, nisamehe. Wallahi sikujua.”

“Wewe huna kosa na mimi.”

Simu ikakatika. Mwalimu wa udereva akapiga magoti juu ya vipande vya vitambaa.

“Shetani alinipitia, mke wangu. Na jino linauma.”

“Ulinifanya dada yako ndani ya kibanda changu! Nikampima mwanamke wako kiuno, nikamshonea apendeze, huku umekaa hapo unanitazama! Halafu unakuja kuutukana mkate wangu!”

“Nisindikize tu kliniki, tutaongea tukirudi.”

“Utaenda peke yako. Na ukitoka huko, nyumbani kwangu usije.”

Alimsukumia nje, akafunga mlango, akalia kwa hasira mpaka kichwa kikamgonga.

Wiki tatu baadaye mume alirudi na kofia ya kudumu ya jino na wazee wawili wa kumwombea msamaha. Fundi aliwakaribisha wazee, akawapa viti na chai.

“Wazee wangu, nawaheshimu,” alisema. “Aliyesema mimi ni dada yake ni yeye. Basi dada hakai na kaka kama mke. Nataka talaka yangu.”

Aliipata kabla mwezi haujaisha.