Jina Langu Kwenye Daftari la Mlimani

Panga lilitua mbele ya tairi langu!

Sio kwamba lilinikosa, lilichomekwa pale makusudi. Mwanaume mmoja mpana wa mabega alilizamisha kwenye udongo katikati ya njia, akashika kiuno, akanitazama. Nilifunga breki zote mbili, baiskeli ikalala ubavu, kofia ngumu ikanishuka machoni.

"Wewe ndiye Maricruz Olmedo?"

"Ndiye... kwani vipi?"

Akapiga mluzi. Wenzake wawili wakatokea kwenye misonobari.

"Tumempata!"

Tumempata?! Jamani, mimi niliyekuja kula upepo wa jioni!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, msije mkaniona kichaa.

Mimi ni fundi wa friji za chanjo. Kila mwezi nazunguka zahanati za vijiji vya milimani huku Oaxaca, wiki mbili barabarani, gari la ofisi na dereva. Dereva anaitwa Rutilio. Nyuma ya gari tunafunga baiskeli mbili, yake na yangu, maana ugonjwa wetu ni mmoja. Kazi inaisha saa kumi. Jua linazama saa kumi na mbili na nusu. Hapo katikati ndipo maisha yangu yalipo, wadau. Msinicheke.

Kwa hiyo kila siku ikifika saa kumi, swali ni lilelile: leo tunaendesha wapi?

Nasema swali, lakini kwa mwaka mzima jibu lilikuwa la Rutilio peke yake.

"Leo barabara ya changarawe, mpaka darajani na kurudi."

"Na ile njia ya nyumbu kule juu?"

"Utaiweza wewe? Ile ya wanaume, dada."

Na mimi nafuata! Najua, najua. Tukaneni tu, nimeshajitukana vya kutosha.

Basi siku hiyo tuko San Melchor. Nimemaliza friji, nanawa mikono kwenye dirisha la zahanati, nikaiona njia inashuka mgongo wa mlima. Nyembamba, safi, kona juu ya kona mpaka mtoni. Miguu ikaanza kuniwasha.

"Rutilio, leo mimi naenda kule."

Uso ukambadilika.

"Popote, ila siyo kule."

"Kwa nini?"

"Kuna mbwa wakali."

"Nimeshang'atwa na mbwa."

"Kuna watu wa mapanga!"

"Mlima mzima huu watu wana mapanga, Rutilio. Ni wakulima."

"Nakwambia kama kaka yako. Twende changarawe."

"Nenda. Nisalimie changarawe."

Nikapanda baiskeli, nikaondoka. Mwaka mzima sijawahi kujisikia mrefu vile.

Mwanzo wa njia kuna kibanda, na mnyororo umepita toka mti huu mpaka ule. Ndani alikuwa mama mmoja anakanda unga wa mahindi, anaitwa Mama Otilia. Ndiye mkuu wa kamati ya maji ya kijiji, na ndiye anayetunza daftari. Mgeni yeyote anaandika jina kabla ya kupita. Nikaandika langu, kubwa na wazi. Akalisoma. Akalisoma tena. Akafungua mnyororo.

"Haya. Panda."

Nikapanda. Nyuma yangu nikamsikia anaongea na mtu kwenye simu. Na huko juu ndiko nilikokutana na panga.

"Kaka, nimekosa nini?" nikamuuliza yule mpana. Baadaye nilijua anaitwa Crisóforo.

"Mwezi uliopita, baada ya mvua kubwa, njia ilikuwa imefungwa. Watu watano wa baiskeli wakaruka mnyororo, wakakata kona, wakavunja bomba la maji. Kijiji siku nne hakina maji! Na walivyo na dharau, kibandani hakuna mtu, wakaingia wakaandika wenyewe kwenye daftari. Msafara wa fundi Maricruz Olmedo."



"Sio mimi! Mwezi uliopita nilikuwa na homa, nimelala nyumba ya wageni kule bondeni siku mbili!"

"Jina ni lako au si lako?"

Lilikuwa langu.

Simu ikaita. Rutilio.

"Wameshakukamata?"



"Nani kakwambia kuna kukamatwa?"

Akajifanya hakunisikia.

"Sikiliza, Maricruz... Wewe geuza baiskeli, shuka mbio. Nakusubiri chini gari linawaka. Hawatakufuata. Nitamwambia bosi akubadilishie vijiji, yaishe."

Yaishe! Niwaambie ukweli, niliiangalia ile njia. Inashuka vizuri. Wale watu wana panga, hawana magurudumu. Ningetoka.

Lakini huku kwetu vijiji vinasikilizana. Jina likichafuka kwenye daftari moja, mpaka wiki ijayo limechafuka kwenye yote. Kila mnyororo ungefungwa mbele yangu, mlima mzima. Ningebaki kuwa fundi anayetengeneza friji akiangalia njia kupitia dirisha mpaka azeeke. Hapo nikapandwa na hasira, hasira hasa!

"Sikimbii," nikamwambia. "Njoo ofisi ya kijiji. Funguo za sanduku la vifaa ninazo mimi, na ukirudi bila mimi bosi atakuuliza."

Nikakata.

"Kaka Crisóforo, twende. Ila baiskeli naisukuma mwenyewe."

Ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Mwenyekiti mezani, Mama Otilia pembeni, unga bado uko kwenye vidole. Kila mtu ananitazama kama mimi ndiye niliyewanywea maji yao.

"Unakubali kosa?" mwenyekiti akauliza.

"Sikubali! Na siondoki hapa mpaka mseme wenyewe kwamba sio mimi. Nitalala juu ya benchi hili."

Watu wakaguna. Mama Otilia akatabasamu kidogo, nikamwona.

Hapo ndipo Rutilio akaingia. Kofia mkononi, tabasamu la kuuzia bidhaa.

"Wakubwa zangu, shikamooni. Mnisamehe kwa ajili ya huyu. Nilimwonya! Wanawake wa mjini hawasikii."

Nikataka kumrukia. Crisóforo akanishika mkono.

"Basi mimi nitalipa," Rutilio akaendelea. "Mseme tu kiasi gani."

"Hapa hatulipi," mwenyekiti akamjibu. "Hapa tunachimba. Aliyevunja anafanya msaragambo, kazi ya kijiji, siku tatu."

"Siku tatu kwa kibomba kile? Jamani, lile la bluu, pale chini ya kona ya mwamba, mbona dakika kumi tu limeungwa!"

Mama Otilia akaacha kufuta vidole.

"La bluu?"

"Eh... ndiyo, mama."

"Mwanangu, pale pana bomba jeusi. La bluu lilikuwa limefukiwa, tukalitoa siku ileile lilipovunjika, tukalitupa. Wewe la bluu umelionea wapi?"



Rutilio akatazama mlango. Crisóforo alikuwa ameshahamia mlangoni.

"Na kona ya mwamba," nikadakia, "nani hapa ndani ametaja kona ya mwamba?"

Hakuna aliyetaja. Jasho likamtoka yule bwana kwenye masikio! Akaanza, ooh ni marafiki, ooh walikuwa wamelewa, ooh aliandika jina langu kwa utani tu. Kumbe ndiyo maana popote ila siyo kule! Mwaka mzima nadhani ananilinda, kumbe tangu mwezi ule alikuwa anajilinda yeye.

Mwenyekiti akachukua kalamu, akakata lile jina langu la mwezi uliopita, mstari mmoja, akaandika la Rutilio juu yake.

"Fundi, uko huru. Utusamehe."

Nikasimama. Nikavaa kofia yangu. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema kitu ambacho sikuwa nimekipanga.

"Msaragambo unaanza lini?"

"Wewe huna kosa, dada."

"Najua sina. Nauliza unaanza lini."

Kwa sababu nilikuwa nimeshawaelewa. Pale kijijini, njia ni ya waliochimba. Asiyechimba hana neno. Na mimi nilikuwa nimechoka kuwa mtu asiye na neno.

Nilichimba Jumamosi tatu. Viganja vilitoka malengelenge, Crisóforo akanicheka ninavyoshika koleo, Mama Otilia akanilisha maharage na tortila za moto, zile chapati za mahindi, nikiwa nimekaa kwenye matope. Rutilio hakutokea hata siku moja. Aliomba ahamishiwe gari lingine.

Jumamosi ya tatu, kwenye kikao, wakapitisha jambo. Waendesha baiskeli wote kutoka nje, lazima wasainiwe na mtu aliyechimba njia na anayeijua baiskeli. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu.

Sasa sikilizeni.

Mwezi uliopita, kama saa kumi na moja hivi, niko kibandani na Mama Otilia. Nimemaliza kazi, nimekuja kuendesha. Baiskeli tano zikafika kwenye mnyororo. Mbele kabisa nani? Rutilio! Miwani mipya, baiskeli mpya, na marafiki zake wanne, watano kamili kama siku ya bomba.

"Mama, tunaomba kupita. Nani anasaini?"

Mama Otilia akaninyooshea mwiko.

Rutilio akavua miwani taratibu.

"Maricruz... dada yangu..."

Nikafungua daftari, nikaweka kalamu katikati. Pembeni yake nikaegemeza makoleo matano.

"Mnadaiwa siku tatu kila mmoja. Mkimaliza, nasaini. Leo chagua wewe, kaka. Koleo au changarawe?"

Marafiki zake wakatazamana. Mmoja akacheka, akashuka, akachukua koleo. Wa pili akafuata. Mpaka wa nne. Rutilio akabaki na baiskeli yake mpya, akageuza, akashuka peke yake.

Ndugu zangu, mtu akikuchagulia njia kila siku, usimshukuru haraka. Muulize anaficha nini kwenye ile anayokukataza. Na akiandika jina lako mahali pabaya usilikimbie, maana ukikimbia linabaki kuwa kama alivyoliandika yeye.

Na wewe Rutilio, najua unasoma hapa.

Nisalimie changarawe.