Tovuti Iliyogoma Ofisini

Walikutana stendi ya Kayanga, mvua imewakimbiza wote kwenye kibanda kimoja cha vocha. Mackrine, ndani ya gauni la kitenge cha njano, alikuwa amelifunika begi la kompyuta kwa mtandio wake, nywele zikichuruzika maji.

"Dada, unalowa wewe, unafunika begi?" Theoneste alimtania.

"Nywele zitakauka, kaka. Kompyuta haikauki."

Mwaka haukuisha, walikuwa wapenzi. Mackrine alitunza seva, yaani kompyuta kuu ya mtandao, ya chama cha wakulima wa kahawa. Theoneste alikitengenezea chama hicho tovuti. Jina la tovuti na la mtandao wa ofisi lilikuwa moja. Kwa hiyo kompyuta za ofisini zilipoitafuta tovuti, zilijibiwa na seva ya Mackrine, siyo na intaneti ya nje. Ilibidi aiandike humo anwani ya tovuti kwa mkono.

"Ukiihamisha, mpenzi, niambie," alimwonya. "La sivyo nje itafunguka, humu ndani itagoma."

"Nitakuambia, mama."

Kisha wakakosana. Theoneste, ambaye babu yake alitoka Rwanda, aliogopa kwenda kuulizwa asili yake ukweni Nyakatuntu. Siku ya kujitambulisha hakutokea. Wazazi walingoja mpaka matoke yakapoa. Tangu hapo Mackrine hakupokea simu zake.

Katikati ya kununiana huko, Theoneste aliihamishia tovuti kwenye kampuni nyingine. Hakumwambia.

Siku ya mkutano wa chama, meneja Rwegoshora aliifungua tovuti ukumbini mbele ya wanunuzi wa kahawa. Ikagoma. Kwenye simu ya Theoneste, iliyotumia intaneti ya nje, ilifunguka vizuri.

"Mackrine ameifunga!" Theoneste alifoka ukumbini. "Ananikomoa!"

Akaenda mbiombio chumba cha seva. Mackrine alikuwa amesimama, kelele za ukumbini zikiwa zimemfikia.

"Umeihamisha?"

"Wiki iliyopita, lakini..."

"Ulimwambia nani?"

Theoneste aliitazama simu yake.

"Nimekuuliza, Theo! Seva inawapeleka watu kwenye anwani ya zamani, kwa sababu mpya hukunipa! Halafu unanitukana mbele ya mabosi wangu? Kwetu ulitoroka kwa woga. Hapa ndipo ulipopata ujasiri?"

"Nisamehe, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Taja anwani."

Akaitaja. Mackrine akaiandika, akigonga vitufe kana kwamba anatwanga. Ukumbini tovuti ikafunguka, watu wakapiga makofi. Theoneste alirudi huko na kushika kipaza sauti.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimehamisha tovuti kimyakimya, nikamsingizia Mackrine. Na nyumbani kwao nilishindwa kwenda kwa sababu ya woga. Hajanikosea lolote."

Aliporudi chumba cha seva, alisimama mlangoni.

"Mackrine, nataka kukuoa."

"Leo nina hasira. Niulize ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Sijui." Alifuta jicho kwa kiganja, hakumtazama. "Lakini usinisimamie hapo mlangoni. Vuta kiti, ukae."