Mgomba wa Vuhovi

Kanyere aliandika "anarudi", neno moja tu, na alijua kabisa kwamba anajidanganya.

Kazi yake, katika kiofisi cha kanisa pale Butembo, ilikuwa kuhifadhi picha za watu waliopotea. Kila picha aliipa maelezo yasiyoonekana usoni mwake: alifungua dirisha jeusi la kompyuta, akaandika setfattr, amri ya kubandika maelezo, kisha kichwa chake user.hali, "hai" au "marehemu", na jina la picha. Kwa mumewe Gracien, aliyefukiwa na mgodi kule Manguredjipa, mkono ulikataa maneno yote mawili, ukaandika lile "anarudi". Familia ilikosa mwili, ikazika shina la mgomba kijijini Vuhovi badala yake, ikamaliza kilio. Kanyere hakwenda. Mwaka wa pili huu anakula peke yake, anaongea na sufuria.

Kesho yake aliyasoma maelezo ya picha kwa getfattr, amri ya kuyafunua. Ikajibu:

user.hali="ametoka Vuhovi"

Ufunguo wa ofisi alikuwa nao yeye tu.

Siku ya tatu ikasema "amefika". Ilikuwa alasiri, mvua inapiga mabati, akasikia kitu kizito kilicholowa kikijikokota barazani, kikasimama, kikajikokota tena, mpaka maji meusi yakapenya chini ya mlango yakibeba nyuzinyuzi, na chumba kizima kikanuka mgomba uliooza. Akampigia simu Mama Orpa, mama yake Gracien, aliyezoea kuwaombea wenye mapepo, akamsimulia neno aliloliandika.

"Mama, iko ku mulango."

"Mu ile kaburi hapana Gracien," Orpa alinong'ona. "Ni mugomba, na pepo iliingia ndani. Weye uliita, njo inakuya. Futa ile neno, mutoto wangu!"

"Na kama ni yeye?"

"Mimi njo nilimuzala. Hapana yeye. Futa!"

Kanyere aliandika amri ya kufuta, setfattr -x user.hali gracien.jpg, akabonyeza huku analia. Orpa akaomba kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Barazani pakanyamaza.

Wiki tatu hakuna aliyebisha hodi, wala mtu wala pepo. Upweke ule ulimuuma kuliko hofu. Siku ya kumbukumbu ya ndoa yao, mchana kweupe, akaandika upya kwenye picha ile: "mulango iko wazi". Akangoja kidogo, akasoma.

user.hali="sikutokaka hapa hata siku moja"

Chini ya meza kitu chenye unyevu kikamgusa mguu. Kanyere hakuuondoa.