Chekeche la Mzee Pankrasi

Chekeche lilikuwa limelowa tena.

Dorine aliligusa pale lilipotundikwa ukutani, akanusa vidole. Tope la mtoni. Na mtaa mzima wa Msamala mabomba yalikuwa makavu tangu jana!

"Baba, nani kalitumia hili?"

"Liache, mama," mzee Pankrasi alinong'ona. "Usilishike."

Chekeche hilo ndilo lililoijenga nyumba. Enzi za mawe ya thamani kule Tunduru, mzee alichekecha changarawe ya mtoni mpaka yakuti zikamletea bati, vigae na masofa. Kisha mawe yakakauka, wanunuzi wakahamia kwingine, na wachimbaji wakawafuata mbio kama kuku waliosikia mtama ukimwagwa. Desturi waliijua wote: ukishakula, unarudisha udongo shimoni kwa mikono yako, unamuaga jini mwenye mahali. Wao waliaga nani? Vumbi la gari la mnunuzi!

Adhuhuri, sauti ikaanza chini ya sebule. Shaa. Shaa. Changarawe inatikiswa kwenye waya.

Kigae kikazama. Mzee Pankrasi akapiga magoti, akakibandua, akaanza kuchimba kwa upawa, na upawa ulipovunjika akachimba kwa kucha, huku akitabasamu na harufu ya tope ikipanda, na kila alipoteka konzi moja ya udongo shimo lilijipanua lenyewe mara mbili, likimvuta mabega, likimvuta kiuno, hata Dorine akamrukia miguuni akapiga mayowe.

"Linaniita, mwanangu! Linasema jiwe kubwa lenyewe bado lipo!"

Majirani walisaidia kumvuta. Kesho yake akaja Bibi Zuhra, mganga wa Nalasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Alichungulia shimo, akarudisha ubani wake mkobani. "Simfukuzi. Huyu jini kakosa nini? Mmeingia kwake, mmekula, mmetoka mkaacha mlango wazi. Aliyechimba akafukie kule kule alikochimba. Asipofukia, atafukiwa humu humu."

Mzee Pankrasi akaruka. "Nifukie? Na wanunuzi wakirudi? Wanikute sina shimo, wanicheke?"

"Kwa hiyo wakukute marehemu mwenye shimo?" Dorine alimkata. "Hao waliwahi kurudi kukujulia hali, Baba? Inuka!"

Alimpeleka mwenyewe hadi Tunduru, akamsimamia kando ya mto. Baba yake alirudisha udongo kwa viganja, akilia kama anayezika mtoto, wala hakuaga.

Waliporudi Msamala, chekeche lilikuwa kavu. Sakafu kimya. Mchana huo mzee alikula ugali vizuri, na Dorine, kwa mara ya kwanza, akavuta pumzi.

Shaa.

Haikutoka chini yao. Ilitoka kwa jirani, mzee Optatus, aliyechimba naye mto ule ule. Kisha nyumba ya mbele yake, kisha ng'ambo ya barabara, kila penye vigae vya pesa za mawe, mtaa mzima ukichekechwa juani huku watu wakipika na redio zikiimba.

Mzee Pankrasi akashusha tonge. Macho yakamwiva kwa wivu.

"Optatus kapata," alinong'ona, akainuka kutafuta sepetu.

Ukutani, chekeche likadondosha tone.