Mafuta Yaliyochujwa Mara Tatu

Gurudumu la mbele la kushoto lilianza kulia walipokuwa wameiacha Ndavaya nyuma. Tsuma alisikia, akakanyaga mafuta zaidi. Ndivyo alivyokuwa dereva huyu wa Msambweni: gari likilalamika, yeye hulinyamazisha kwa mwendo. Nyuma alikuwa na mifuko sitini ya saruji ya kujengea birika la maji Kilibasi, na ilikuwa Februari ya mwaka 1956, nyika imekauka hata mbuzi walikuwa wakila magome.

Pembeni yake aliketi abiria mmoja tu, Mbodze, mama wa Kiduruma mwenye mvi, aliyepakata kibuyu kama mtu apakataye mtoto. Bintiye alikuwa amejifungua Kilibasi. Kibuyuni mlikuwa na mafuta ya mbarika ya kumpaka mjukuu.

"Mwanangu, gurudumu lako linanuka," alisema.

"Haliwezi kuwa na neno, mama. Leo alfajiri nimelishindilia grisi mpaka ikamwagika."

Alisema kweli, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mafundi walimwambia mara nyingi kwamba beringi, ile pete ya gololi inayozungusha gurudumu, inataka grisi kidogo na nafasi ya kupumua. Yeye aliwajibu kwamba aliyeshiba hafi njaa. Tena grisi yenyewe aliichota katika kopo lisilo na kifuniko, lililokuwa likilala nyuma ya lori pamoja na mchanga tangu mwaka juzi.

Gurudumu liligoma ghafla. Lori likapinda, likaacha njia, likatumbukia katika korongo kavu. Mifuko zaidi ya arubaini iliruka nje ikapasuka, na kwa kitambo hawakuonana kwa vumbi la saruji.

Walipojikuta wazima, Tsuma alitia jeki na kulitoa gurudumu. Kitovu chake kilikuwa cha moto, kikitoa moshi. Alisogeza mguu wa kushoto apate kuchungulia vizuri, na hapo mchanga chini ya jeki ukadidimia. Chuma chote cha pembe ile kilishuka juu ya kifundo chake cha mguu.

Alipiga kelele iliyowarusha kunguru. Mbodze alimshika makwapani.

"Usinivute, mama! Utaung'oa!"

Mbodze alijaribu kuchimba kwa mikono. Kila alipotoa konzi moja ya mchanga, konzi mbili ziliporomoka, na lori likazidi kuketi. Kuta za korongo zilikuwa ndefu kuliko mtu, jua limesimama katikati kabisa. Maji yalikuwa nusu ya mfuko wa turubai. Kilibasi ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa mwenye miguu miwili.

"Nenda, mama," Tsuma alisema. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa saruji. "Chukua maji, uende ukamwone mjukuu wako. Mimi nimekwisha."

"Na nikifika niseme nini? Kwamba nimemwachia fisi mtoto wa watu? Niambie jeki hii huwekwaje."

Alimwambia. Mbodze aliburura mfuko mzima wa saruji, akaulaza mchangani, akaiweka jeki juu yake. Safari hii haikuzama. Alizungusha mpini mpaka viganja vikapasuka, na alasiri mguu ulitoka, umevimba na kupinda mahali pasipo na kiungo. Aliufunga kwa mbao mbili na kipande cha leso yake, naye Tsuma akazimia.

Alfajiri ya siku ya pili, kabla upepo haujaamka, walianza kazi. Tsuma hakuweza kuchuchumaa, basi yeye alikuwa mdomo na Mbodze alikuwa mikono. Mama yule, ambaye alikuwa hajawahi kushika spana, aliifungua beringi na kuitoa. Grisi ilikuwa imegeuka masizi. Gololi zimekuwa za buluu kwa moto, na mbili zilikuwa zimebanduka ngozi, zina mashimo yanayokwaruza ukucha.

Tsuma alizitazama akaona haya. "Nilidhani nikiijaza ndiyo nimeilinda. Grisi haikupata pa kwenda, ikajichemsha yenyewe, ikawa maji, ikamwagika. Kisha chuma kikala chuma. Na mchanga wangu ukasaidia."

"Basi tia nyingine."

"Iliyobaki ni hii ya kopo. Na hii ni msasa."

Mbodze alikiangalia kibuyu chake, na uchungu ukampanda waziwazi usoni. Siku tisa alikuwa ameponda mbegu, amechemsha, ameengua.

"Haya yamechujwa mara tatu," alisema. "Ngozi ya mtoto mchanga haitaki hata chembe moja."

Waliiosha beringi kwa petroli. Tsuma alisugua kingo za yale mashimo kwa kinoo cha wembe wake mpaka ukucha ukapita bila kukwama. Mbodze alitandika leso kuzunguka kitovu, vumbi la saruji lisiingie, akafungua kibuyu. Tsuma akanyoosha mkono kukiinamisha.

Mbodze akampiga kofi mkononi. "Mtoto hazamishwi katika mafuta. Hupakwa!"

Akapaka gololi moja moja kwa ncha ya kidole.

Walirudisha beringi na gurudumu, wakalipunguzia lori mifuko iliyobaki. Kwa mguu mmoja Tsuma hakuweza kukanyaga klachi, basi aliliwasha likiwa tayari ndani ya gia ya kwanza, likafuata korongo mpaka pale ukingo ulipoinama, likapanda likitetemeka. Baada ya hapo walikwenda mwendo wa kobe. Kila walipomaliza kiasi cha maili moja alizima injini. Mbodze alishuka, akagusa kitovu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa na joto, walingoja. Kikiwa kimepoa, alipaka tena kidogo. Lakini chovya chovya humaliza buyu la asali, na la mafuta vilevile.

Adhuhuri maji yaliisha. Jioni ilipokaribia, mlima wa Kilibasi ukiwa mbele yao, gurudumu lilianza tena kulia. Tsuma alizima injini. Hakuthubutu kuomba.

Mbodze alikitikisa kibuyu. Yalibaki ya kumpaka mtoto mara moja, pengine mara mbili. Alilia pasipo machozi, maana mwili haukuwa na maji ya kutoa. Kisha akayapaka yote kwenye beringi.

Waliingia Kilibasi jua linazama. Mbodze alimpakata mjukuu wake kwa mikono mitupu, iliyopasuka, na kwa wiki nyingi ngozi ya mtoto ilikuwa kavu kama ardhi ya nje.

Mwezi wa Juni, baada ya mvua, lori lilifika Kilibasi likienda taratibu hata kuku hawakukimbia. Tsuma alishuka akichechemea kwa fimbo. Mkononi alikuwa na kibuyu kilichofungwa mdomo kwa kitambaa safi.

"Shikamoo, mama. Nimeponda mwenyewe. Nimechuja mara tatu."

"Marahaba." Mbodze alidondosha tone kiganjani, akalisugua kwa kidole, polepole, macho amefumba, akitafuta chembe. Tsuma alisimama akisubiri, hata nzi usoni hakumfukuza.

Mbodze alifumbua macho, akageukia mlango wa nyumba.

"Mleteni mtoto," alisema.