Ndama wa Bwana Mkubwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipita bandani kumnywesha Soksi maziwa. Baba yake, mkamuaji mkuu wa shamba moja la ng'ombe wa maziwa, alimwita Chiriku kwa sababu ya kusema kwake kwingi. Soksi alikuwa ndama mweusi mwenye miguu myeupe hadi magotini. Alikuwa hajazoea ndoo, kwa hiyo Chiriku alitumbukiza vidole ndani ya maziwa, ndama akavinyonya huku akinywa.

Kisha mwenye shamba, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mkubwa, aliwekewa vikwazo na serikali kwa kuwauzia silaha waasi wa nchi nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa ng'ambo. Mkaguzi wa serikali, mwanamke mwembamba aliyevaa buti za mpira, alibandika tangazo langoni, akawakusanya wafanyakazi.

"Mali yote ya shamba hili imezuiwa," alisema. "Haijataifishwa, bado ni yake. Lakini hakuna kuuza, kuhamisha wala kugawa chochote bila kibali."

"Na maziwa, mama?" baba aliuliza. "Ng'ombe hawajui kusoma tangazo."

Wenzake walicheka. Mkaguzi hakucheka.

"Mkamue, wasiugue viwele. Ndama wanywe. Yanayobaki mmwage. Nimeshaomba kibali cha kuyauza."

Maziwa yakamwagwa mtaroni, ndoo baada ya ndoo, watoto wa wafanyakazi wakitazama na kumeza mate.

Jioni hiyo Bwana Mkubwa alimpigia baba simu. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

"Yule ndama mweusi nampa binti yako. Mchukueni leo hii. Mtu akiuliza, aseme nilimpa siku yake ya kuzaliwa, mwaka jana, kabla ya mambo haya."

Chiriku alirukaruka. Mama aliendelea kukunja nguo.

"Mtu aliyekunyima hata buti, leo anakugawia ndama wa mbegu bora?"

"Mama Chiriku, usimvunje mtoto moyo. Mali ni yake, anampa amtakaye."

Soksi akafungwa nyuma ya nyumba. Kesho yake Chiriku alijigamba darasani, na kabla ya kengele ya mwisho shule nzima ilikuwa na habari. Mkaguzi naye alizipata. Alikuja nyumbani pamoja na daktari wa mifugo, na majirani wakajazana kushuhudia.

"Ulipewa lini, binti?" mkaguzi aliuliza.

Chiriku alimtazama baba. Baba alitazama chini.

"Siku yangu ya kuzaliwa. Mwaka jana."

Daktari alipiga magoti, akafunua midomo ya ndama, akatazama meno, kisha akapapasa pembe zilizokuwa zinaanza kuchomoza.

"Huyu ana miezi miwili hivi," alisema. "Mwaka jana alikuwa hajazaliwa."

"Basi alipewa tumbo la ng'ombe!" jirani mmoja alidakia. Watu wakaangua kicheko.

"Bwana Mkubwa ndiye aliyesema niseme hivyo!" Chiriku alilia.

Mkaguzi alimgeukia baba. "Amewapigia simu wakamuaji wanne, kila mmoja kapewa ndama. Unadhani mambo yakitulia, nani angekuja kuwachukua ndama hao?"

Soksi alirudishwa bandani akivutwa kwa kamba.

Kibali kilitoka wiki iliyofuata. Maziwa yakauzwa hospitalini, na fedha zikaingia katika akaunti ambayo Bwana Mkubwa hakuweza kuigusa. Humo ndimo zilimotoka gharama za malisho na mishahara. Wafanyakazi wote walibaki kazini isipokuwa wale wanne. Nafasi ya baba alipewa msaidizi wake, mtu ambaye baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kukamua. Baba akapata kibarua cha kuchimba mitaro. Shuleni, Chiriku akawa anaitwa Tumbo.

Soksi alikataa ndoo, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Halafu akakubali. Chiriku alimwona kupitia waya wa uzio: alikuwa ananyonya vidole vya binti wa yule msaidizi.

Baba alipita akitoka kibaruani, sepetu begani. Akasimama.

"Baba, sisi hatukuiba."

"Hatukuiba. Ndiyo maana nilijidanganya kwamba hakuna ubaya. Mali ikizuiwa, mwenyewe hana ruhusa ya kuitoa, na mtu mwingine hana ruhusa ya kuipokea, hata iwe bure. Anayepokea anamfungulia mlango wa kuitorosha. Mkaguzi alikuwa pale langoni, ningemuuliza, angeniambia. Sikuuliza kwa sababu nililijua jibu. Nikakuachia wewe useme uongo wangu."

Ndama alilia bandani. Chiriku aligeuka haraka, lakini si yeye aliyekuwa anaitwa.